Feni ya Ambakisye

Alianza kunibembeleza hata sijamaliza kupanda ngazi.

"Mama Tumpe, leo usiifungue. Nakuomba. Iache izibe yenyewe."

Nilibonyeza kisikizi kikae vizuri sikioni, nikaweka ndoo yangu kwenye ubao unaokatiza juu ya tangi, nikavuta pumzi. Magoti yangu hayazipendi zile ngazi.

"Salamu yako iko wapi, Ambakisye? Au mtu akishakuwa jiwe adabu inakwisha?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, sasa sema."

Huwa anasema upesi upesi, maana anajua nikishaanza kazi simsikilizi. Alikuwa chini yangu, ndani ya maji ya chumvi: tumbawe la zambarau, ukubwa wa boga, lenye vidomo vingi visivyohesabika. Mwili wake ulizikwa siku ile ile walipomhamisha. Kilichokuwa kichwani mwake, kumbukumbu na jina na woga, ndicho kilichopandikizwa mle. Vidomo vikifunguka na kufumba, mashine inavisoma na kuniletea sauti yake, ile ile aliyokuwa akipigia hodi kwangu alipokuja kumposa binti yangu.

"Mwanga wa mchana umezidi," alisema. "Hauniui. Ungekuwa unaniua ningeshukuru. Sina kope, mama. Unaelewa maana ya kukosa kope?"

"Naelewa. Umeshanieleza."

Nikazima taa. Alishusha pumzi ndefu. Feni haifunguliwi taa ikiwa inawaka, kwa hiyo muda wote ninaosafisha yeye anakaa gizani, na hiyo ndiyo starehe pekee aliyobaki nayo duniani. Kwa sababu hiyo nimejifunza kufanya kazi haraka.

Nilifungua skrubu za kifuniko. Chumvi ilikuwa imegandia mapanga ya feni, nyeupe na ngumu, kama ukoko wa ugali. Taa hizi zina ukali wa jua la pwani ya zamani, kabla bahari haijachemka na kuyaua matumbawe yake, na joto lote hupanda kwenye mapezi ya alumini yaliyo mgongoni mwa taa. Feni ndiyo inayolitoa hilo joto. Lakini feni hiyo hiyo hunyonya hewa inayotoka kwenye maji, na hewa hiyo imebeba chumvi. Chumvi inakaa kwenye mapanga, mapanga yanakuwa mazito, beringi inaanza kulia, mwendo unapungua. Kihisi joto kikiona hali imekuwa mbaya kinafifisha mwanga ili taa isiungue. Jiwe likikosa mwanga linapauka, na likishapauka limekufa, pamoja na aliyemo. Hakuna wa kuja kukusaidia. Taa ikishaharibika, Baraza lililotoa hukumu haliiwashi tena.

Hivyo ndivyo walivyoondoa kitanzi. Siku hizi hakuna mtu anayenyongwa. Mfiwa anapewa brashi, basi. Ukitaka aliyekuulia mtu wako aendelee kuishi, njoo usafishe feni yake. Ukichoka, baki nyumbani kwako na hakuna atakayekuuliza. Huku Tukuyu watu wanaona ni jambo zuri ajabu, na ukumbi wenyewe walitujengea hapa kwa sababu ya baridi yetu. "Mtazameni Mama Tumpe," wanasema kanisani, "aliuliwa mtoto wake wa pekee, na bado anamtunza yule kijana." Walinipa kiti cha mbele. Nimekikalia bila wasiwasi wowote.

Wanaambiwa kwamba mawe yanatafakari. Kisikizi kinavaliwa na mshika brashi peke yake, na sisi tunaopanda ngazi hatusemi. Tukikutana kwenye bomba la kunawia tunaulizana habari za mvua.

Nilipangusa chumvi kwa brashi laini ya kupakia rangi. Palipogoma nikalowanisha na siki kwa pamba, nikangoja ilainike, nikafuta na maji ya betri, maana maji ya bomba yanaacha uchafu wake. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli. Vidole vyangu viliniuma mpaka nikauma mdomo. Baridi yabisi imevipinda, na siku hizo nilikuwa nadondosha skrubu kila wiki.

"Simulia," nikamwambia.

"Mama, nimeshasimulia."

"Simulia, au niwashe sasa hivi."

Akafanya kama nilivyotaka. "Tulikuwa tumegombana. Alisema haolewi nami tena. Akaingia chumba cha kukaushia chai kuangalia majani. Nikafunga mlango. Nikazima feni."

"Akasema nini?"

"Alicheka. Alidhani namtania. Akasema, 'Amba, fungua bwana, jasho linanitoka.'"

"Halafu?"

"Nikaondoka na ufunguo. Nilikwenda kunywa. Nilitaka kumtisha tu, mama."

Mwanangu alikutwa amelala mlangoni, kucha zake zimekwisha. Nampenda Tumpe leo kuliko nilivyompenda akiwa hai, na sauti yake ya mwisho imo ndani ya jiwe lile, haimo mahali pengine popote. Kila wiki naitoa humo.

Mwisho wa kazi ni upepo, wa kutoa vumbi lililojificha nyuma ya feni. Nilishika pampu kwa mkono mmoja, na kidole cha shahada cha mkono wa pili nikakipenyeza katikati ya mapanga ili yasizunguke. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa na Gwakisa, msimamizi wa ukumbi. Feni ikizungushwa na upepo inageuka jenereta, inarudisha umeme kwenye bodi ya taa, na bodi inaungua hapo hapo, hata kama umechomoa waya ukutani. Mzee mmoja wa tangi la jirani aliwahi kusahau kidole. Jiwe lake lilipauka kabla ya Jumapili, na akalia sana ngazini pale. Watu walidhani ni huruma.

Nilirudisha kifuniko, nikawasha. Ambakisye alipiga ukelele, kama kawaida yake. Nikavua kisikizi.

*

Mama yake alikuwa ananingoja getini, kwenye benchi, na kikapu cha ndizi mapajani. Ndugu wa muuaji hawaingii ukumbini bila brashi. Mama Ambakisye alikuwa mjane mdogo wa umbo, aliyestaafu kiwanda kile kile cha chai, na hakuna wiki hata moja aliyokosa kuja. Mvua ikinyesha alijifunika mfuko wa mbolea, akangoja.

Aliniona, akapiga magoti kwenye matope, akanishukuru kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, Mama Tumpe. Ndaga fijo."

"Inuka, mama. Utachafua nguo."

"Acha ichafuke. Mimi nitakushukuru na nini?" Aliinuka, akanishika mkono, akasogeza uso. "Anasemaje mwanangu?"

"Amekusalimia," nikamwambia. "Anasema amelala vizuri."

Macho yake yakajaa machozi, akacheka huku anayafuta kwa ncha ya kanga. Sioni aibu kusema kwamba nilikuwa naupenda sana wakati ule. Nilikuwa na mtoto wake juu ya moto, na yeye ananiletea ndizi.

Siku hiyo lakini aliutazama mkono alioushika. "Vidole vyako vimevimba."

"Ni baridi."

"Utaweza mpaka lini?" Hofu ilimwingia waziwazi, akaanza kuongea haraka, kama mwanawe. "Nifundishe mimi, mama. Niwe nakusaidia. Mikono yangu bado ina nguvu. Nakuapia sitamtoa humo, sitamfanyia lolote, nitasafisha tu feni."

Nilimjibu nitafikiri. Nikaenda nyumbani, nikapika ugali nikashindwa kuula.

Alikuwa amegusa palepale. Wiki mbili tatu zaidi na nisingeweza kuibana pampu. Chumvi ingejaa, taa ingefifia, na Ambakisye angepata anachokiomba, bure, kwa sababu ya vidole vya bibi kizee. Hilo lilinikasirisha kuliko maumivu yenyewe. Kwa upande mwingine, kila nilipomtesa mwana, mama yake alinishukuru, na shukrani ile haikumuuma hata kidogo. Nilikuwa na watu wawili wa kulipa, na nilikuwa nampata mmoja tu. Yeye bado alikuwa anaitwa mama na mtu anayemjibu.

Nikaona njia. Nitampa brashi, na kisikizi kinakwenda na brashi, kwa hiyo atamsikia mwanawe na atajua nimekuwa nikimwambia nini miaka yote. Nitamfundisha kila kitu, ila kidole. Atapuliza mwenyewe, bodi itaungua mikononi mwake, naye atasimama juu ya tangi akimtazama mtoto wake anapauka siku baada ya siku, kwa kazi ya mkono wake. Ndipo atakapokaa nami benchi moja.

Niliigeuza ile njia kila upande nitafute kasoro. Niliiona moja tu: Ambakisye angepumzika. Nikasema potelea mbali, apumzike, mradi mtu mwingine alipie.

*

Gwakisa alikuwa anatafuna mahindi ya kuchoma. Aliyaweka kando, akajifuta mikono kwenye suruali, akatutazama sisi wawili kwa zamu.

"Mama Tumpe, unajua ukitoa umetoa. Brashi hairudi. Hata uje na mchungaji."

"Najua, baba."

"Na huyu ni mama wa jiwe. Haijawahi kutokea hapa."

"Imekatazwa?"

Alifikiri, akakuna shingo. "Haijakatazwa. Hakuna aliyedhani mtu ataweza kuitoa."

Basi nikafanya kama desturi inavyotaka. Nilichovya brashi kwenye maji ya tangi, nikaikung'uta, nikampa Mama Ambakisye kwa mikono miwili mbele ya msimamizi. Akaipokea. Gwakisa akaniomba kisikizi, akakipangusa kwa shati, akampa. Kisha akarudi kwenye mahindi yake, akatuacha.

"Nivae sasa?" aliniuliza.

"Kwanza kazi. Ukianza kuongea hutanisikia."

Nilizima taa, nikamfundisha. Nilikuwa mwalimu mzuri, na hilo nalisema kwa haki. Nilimwonyesha jinsi ya kushika kifuniko kisidondokee kwenye maji, upande wa kuanzia na brashi, kiasi cha siki. Nilimwambia mafuta yakizidi yanavuta vumbi. Nilimwambia asikilize beringi kwa sikio lililo wazi, ikikwaruza aombe feni mpya mapema. Alirudia kila neno kwa midomo, na mikono yake ilikwenda bila papara, mapanga yakatoka safi kuliko nilivyowahi kuyatoa mimi.

"Imebaki kupuliza," nikasema. "Pampu ile pale. Puliza kwa nguvu mpaka vumbi liishe." Nilisikia sauti yangu imebadilika, nikakohoa. "Sasa unaweza kuvaa."

Alikivaa kisikizi. Akainama juu ya maji, akasema polepole, "Amba? Ni mimi."

Sikusikia alichojibu. Niliona tu vidomo vyote vya lile jiwe vikifunguka kwa pamoja, jambo ambalo kwangu halikuwahi kutokea hata siku moja. Mama Ambakisye alijiziba mdomo kwa kiganja. Aliendelea kusikiliza, na uso wake ukawa unashuka kidogo kidogo, mpaka nikaona ameelewa.

"Anasema nisiwashe," alisema. "Anasema wewe ulimkatalia lakini mimi nitamwonea huruma. Anaomba chumvi ijae." Alinigeukia. "Alikuwa akikwambia haya?"

"Kila wiki."

"Na salamu zile?"

"Hakuwahi kukusalimia. Hakuwa na nafasi."

Nilijiandaa kwa kofi. Nilikuwa nimelingoja miaka mingi na nililitaka, ili niweze kumwambia habari za kucha za Tumpe. Halikuja. Alichukua pampu. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta. Aliielekeza kwenye feni. Puliza, nikasema kimoyomoyo. Puliza, mwanamke.

Akapenyeza kidole cha shahada katikati ya mapanga. Akapuliza.

Vumbi lilitoka. Feni haikuzunguka hata nusu. Alipuliza upande huu, akabadilisha kidole, akapuliza upande wa pili, kwa mazoea ya mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote.

"Hukuniambia kidole," alisema bila kunitazama.

"Nilisahau."

"Hukusahau. Chako kina sugu." Alianza kurudisha skrubu. "Kazi yangu kiwandani hukuwahi kuiuliza, mama. Ndizi ulikula, hukuuliza. Feni za kile chumba cha kukaushia nilizisafisha mimi. Amba aliniletea chakula humo tangu yuko shule. Swichi alionyeshwa na mimi."

Nilishika bomba la ngazi. Nilikuwa nimemchukia mwanamke huyu kwa muda mrefu bila kujua kitu chochote juu yake isipokuwa jina la mwanawe. Alikaza skrubu ya mwisho, akanyoosha mkono kwenye swichi ya taa, na mimi, sijui kilitoka wapi, nikamshika mkono.

"Mwache," nikamwambia.

"Nini?"

"Mwache aende. Umemsikia. Mimi nilikuwa na sababu yangu, wewe huna. Mwache apumzike."

Alinitazama. Sikuona chuki machoni mwake, na ningependa ningeiona.

"Wako amepumzika," alisema. "Wangu bado ninaye."

"Anateseka, Mama Ambakisye."

"Anaongea. Ameniita mama." Aliutoa mkono wangu kwake, kidole kimoja kimoja, kwa upole kwa sababu vilikuwa vimevimba. "Wewe ulimweka kwa hasira, na hasira imekumaliza mikono. Mimi sitachoka."

Akawasha.

Nilimwona akiruka ukelele ulipomwingia sikioni. Alishikilia ukingo wa tangi kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akawa anasema, "Nyamaza baba, nyamaza, mama yuko hapa, itapoa." Haikupoa, na asingekuwa na namna ya kuifanya ipoe. Mimi siku zote kisikizi nilikivua ukelele ulipoanza. Yeye hakukivua.

*

Nilirudi kwa Gwakisa kuomba brashi. Nilirudi tena, na mara ya mwisho nilikwenda na mchungaji kweli, tukapiga magoti wote wawili kwenye maganda yake ya mahindi. Alituhurumia, akatutengenezea chai, akasema brashi hairudi.

Ananiambia taa ya Ambakisye ndiyo safi kuliko zote ukumbini. Mama yake anaisafisha mara mbili kwa wiki. Ameomba feni ya akiba, akafungiwa pembeni ya ile ya kwanza, moja ikisimama nyingine inashika. Anakuja na kibaba cha mifupa ya samaki iliyosagwa kumlisha, kwa kijiko kirefu, na jiwe limenenepa. Gwakisa anasema likitunzwa hivyo linaweza kuishi kuliko sisi wote, na kuliko watoto wake yeye, na kwamba Mama Ambakisye ameanza kumfundisha mjukuu wa dada yake kazi, ili jiwe lisije likakosa wa kulitunza.

Kanisani sasa kiti cha mbele ni chake. Sikukitaka tena hata hivyo. Ninachokitaka hakuna wa kunipa. Nyumbani najaribu kuisema mwenyewe ile sentensi ya Tumpe, ya jasho, na inatoka kwa sauti yangu, si yake, na kila siku inazidi kuwa yangu.

Juma hili nilikwenda nikakaa kwenye benchi la getini. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa na ndizi kwenye kikapu, na kwenye dirisha la juu nilizisikia feni zake mbili zikienda vizuri, bila mkwaruzo. Alipotoka nilijaribu kupiga magoti, lakini magoti yangu yaligoma, nikabaki nimeinama nusu, mkono kwenye benchi. Alikuwa amezeeka sana. Kisikizi kilikuwa kimemwachia kidonda sikioni.

"Anasemaje?" nikamuuliza. "Amesema lolote juu ya Tumpe?"

Mama Ambakisye alikipokea kikapu kwa mikono miwili.

"Amekusalimia," alisema. "Anasema amelala vizuri."